Dawa za mzee zinaposumbua: kagua bahasha, saa na sahani kwanza

Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya presha na sukari tangu saa moja asubuhi, mpaka jina liitwe umeshasikia malalamiko yote, na kila mwezi ni yaleyale. Huyu mama yake dawa zinaisha kabla ya tarehe. Yule baba yake anameza kila siku lakini presha iko palepale. Mwingine bibi yake ameanguka tena usiku akienda kujisaidia. Miaka saba sasa nakaa kwenye mabenchi hayo, mama yangu ubavuni na daftari lake kwenye mfuko wa kitambaa, na jambo moja limenikaa kichwani: mara nyingi tunakwenda kuomba dawa ya kuongeza, kumbe kosa limejificha kwenye bahasha, kwenye saa au kwenye sahani.

Mimi si daktari wala nesi. Ni mtoto wa mgonjwa, naishi Buzuruga, Mwanza. Hapa nimepanga matatizo kama watu wanavyoyataja, na chini ya kila moja sababu inayotokea sana ndiyo ya kwanza. Anza na ukaguzi mwepesi. Pale nilipoandika kwamba nenda hospitali, usiendelee kusoma.

Yasiyosubiri ukaguzi wowote

Uso umepinda upande mmoja, mkono au mguu umelegea ghafla, maneno yanaburuzika: huo ni uwezekano wa kiharusi. Kumbuka saa ilipoanza, maana daktari atakuuliza hilo kabla ya mengine. Kifua kinabana au pumzi hazitoshi. Amezimia, au ana degedege. Midomo au ulimi umevimba baada ya kumeza dawa. Choo cheusi kama lami, au anatapika damu. Presha imefika 180/120 au zaidi na juu yake kuna maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu au kuchanganyikiwa. Amemeza vidonge vingi kwa mkupuo, hata kama anaonekana mzima.

Kwa yote hayo, tafuta gari na mwende. Usimwekee kidonge cha presha chini ya ulimi ili ishuke haraka. Wazee wetu walizoea hivyo zamani, lakini presha ikiporomoka ghafla inaweza kuuletea ubongo kiharusi kilekile mnachokikimbia. Beba dawa zake zote, hata zile unazodhani hazihusiki.

Kabla ya kutafuta kosa: leta ungo

Mama alikuwa na dawa kwenye kopo la maziwa ya unga, nyingine kwenye pochi ya kanisani, nyingine chini ya mto. Siku moja miguu ilikuwa imevimba hadi kandambili hazipiti, nikakaa naye barazani tukamwaga vyote kwenye ungo wa kupepetea mchele. Zikatoka pakiti tatu za rangi tatu na majina matatu makubwa: moja ya zahanati ya Kisesa alipokuwa akiishi, moja ya hospitali ya mjini, moja aliyonunuliwa na kaka yangu dukani. Nikavaa miwani yake nikasoma maandishi madogo chini ya majina makubwa. Zote tatu zilikuwa amlodipini. Mbili za miligramu 5 na moja ya 10, kwa hiyo mama alikuwa anameza miligramu 20 kwa siku, na kiwango cha juu kwa mtu mzima ni 10.

Hakuna aliyemdanganya. Kila mmoja kati ya watatu alimwambia, "Hii ni ya presha, mama, meza kila siku." Akameza.

Na kabla ya siku hiyo ya ungo, miguu ile ilikuwa imeshapelekwa kwenye kituo kimoja, akapewa furosemidi ya kutoa maji. Uvimbe unaoletwa na amlodipini hausikii sana dawa ya maji. Alichopata ni safari nne za chooni kila usiku, na kwenye mojawapo akateleza akaumia nyonga. Dawa ya kwanza ikaleta ya pili, ya pili ikaleta bandeji. Tangu hapo kila mtu akinilalamikia dawa za mzazi wake, namuuliza kwanza kama ameshamwaga kwenye ungo.

Panga kwa jina dogo la dawa yenyewe. Rangi na jina la kampuni vitakupoteza, maana dawa ileile mwezi huu huja nyeupe ya duara na mwezi ujao ya njano ndefu. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Vidonge vilivyo uchi, visivyo na bahasha wala karatasi yake, tenga pembeni wala usikisie. Kisha andika kwenye karatasi moja: jina dogo, nguvu yake kwa miligramu, ya ugonjwa gani, anameza lini, nani aliandika. Ukikuta dawa mbili za jina moja, mpigie au mwone daktari au mfamasia siku hiyohiyo akuambie ipi ibaki. Usizikate wewe, kwa sababu zipo ambazo zikisimamishwa ghafla zinadhuru, atenololi ya presha na prednisoloni ya kutuliza uvimbe na pumu zikiwemo.

Tatizo: vidonge vinaisha kabla ya tarehe, au vinabaki vingi

Hesabu ndiyo kipimo cha kwanza. Kama alipewa 30 vya mara moja kwa siku na leo ni siku ya kumi, lazima vibaki 20. Vikiwa 11 au 27, shuka na orodha hii.

1. Bahasha haikueleweka. "1x2" maana yake kidonge kimoja mara mbili kwa siku, lakini nimeshakutana na mzee aliyesoma "kimoja au viwili". Ukikuta "2x1", ni viwili kwa mara moja. Neno "kutwa mara tatu" nalo lina mtego: wengine humaliza zote tatu kabla jua halijazama, kwa sababu kutwa kwao ni mchana. Muulize mzee akueleze kwa maneno yake anavyomeza. Usimuulize kama ameelewa, atakuitikia tu ili akuridhishe.

2. Saa. Hapa tunaumizana wenyewe. Mdogo wangu wa Dar es Salaam alimnunulia mama simu, akaiwekea kengele ya dawa ya saa mbili asubuhi. Akaandika 2:00. Simu haijui saa zetu, ikawa inalia saa nane usiku wa manane, na mama, mtu mtiifu, anaamka anameza, kisha asubuhi anameza tena kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa na daktari. Upande wa pili wa kosa hilohilo ni bahasha iliyoandikwa 8 na 8, mzee akasoma saa nane mchana na saa nane usiku. Dawa yangu ya jambo hili ni kuacha namba kabisa. Kwenye bahasha za mama nimeandika kwa kalamu nene: BAADA YA UJI, na BAADA YA TAARIFA YA HABARI YA USIKU. Redio haijawahi kumkosea.

3. Anasahau kama amemeza, anarudia. Tafuta trei ya mayai. Ina mashimo 30, sawasawa na mwezi wa dawa ya mara moja kwa siku. Kata pakiti kwa mkasi, kila kidonge kibaki ndani ya karatasi yake, kisha tia kimoja kila shimo. Shimo tupu ndilo jibu, halina ubishi. Kama anameza asubuhi na usiku, trei mbili, ya usiku ipake rangi. Weka juu ya kabati mbali na wajukuu: kidonge kimoja tu cha sukari ya mzee kinaweza kumuua mtoto. Mbali pia na dirisha na jiko, na mbali na bati lisilo na dari, maana joto la mchana linaharibu dawa.

4. Anagawa. "Jirani presha ilimpanda, nikampa viwili." Usimgombeze, kwake huo ni utu. Mweleze tu kwamba dawa yake inaweza kumwangusha mwenye ugonjwa mwingine.

5. Anavikata nusu ili vifike mwisho wa mwezi, kwa sababu ameona unavyohangaika na hela. Hili hatakuambia. Utaligundua kwa nusu-nusu chini ya kopo. Ukizikuta, kaeni mzungumze habari ya pesa waziwazi, na umuulize daktari kama ipo ya bei nafuu zaidi ya aina hiyohiyo. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza wana utaratibu wa msamaha wa matibabu kwenye vituo vya serikali, na hospitali nyingi zina dirisha lao. Anza kwa afisa ustawi wa jamii.

Akiwa amesahau: akikumbuka mapema siku hiyo, ameze. Ikiwa wakati wa dozi inayofuata umekaribia, aiache iliyopita. Kufidia kwa viwili ni marufuku, na kwa dawa za sukari ni hatari kabisa.

Tatizo: anameza kila siku lakini presha haishuki

Sababu ya kwanza ni kwamba hamezi. Neno "dozi" ndilo limetuponza. Tumezoea dozi ya malaria, siku tatu, umemaliza, umepona. Mzee akipewa vidonge vya mwezi mmoja anavimaliza, anapima, anakuta 130, anasema amemaliza dozi na presha imepona. Imeshuka kwa sababu ya dawa. Akiacha inarudi, na mara nyingi inarudi kimyakimya bila kichwa kuuma.

Ipo aina nyingine ya kutomeza ambayo madaktari wenyewe hawaioni. Siku ya kliniki mzee ameambiwa aje bila kula ili apimwe sukari. Kwa hiyo hajala, na kwa kuwa hajala hakumeza chochote. Amekaa benchi kwa muda wa saa nne, anapimwa presha, iko 170. Daktari anaongeza dawa. Sasa ana dawa ya kutibu asubuhi moja ya kila mwezi. Mwambie anayepima, kabla hajafunga mkanda, kwamba leo hajameza. Na safari ijayo uliza mapema ni dawa zipi za presha anaweza kumeza kwa maji kabla ya kuja. Za kushusha sukari zenyewe zisubiri chakula.

Pili, kipimo. Mashine ya nyumbani si mbaya, tunavyopima ndivyo vibaya. Apumzike dakika tano, akiwa ameegemea kiti na miguu imekanyaga chini bila kukunja nne. Awe amekojoa. Nusu saa kabla asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara. Mkono uwe wazi na uegeshwe mezani usawa wa moyo, kwa sababu mkono unaoning'inia unapandisha namba. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene nao unapandisha. Na wote mnyamaze, hata kama ndiyo kwanza mmeonana tangu Pasaka. Pima mara mbili, acha dakika moja katikati, andika zote.

Tatu, sahani. Chumvi tunaijua, tunaipunguza, tunajisifu. Tunasahau magadi. Huku kwetu magadi yanaingia kwenye maharage ili yaive upesi, kwenye kisamvu, kwenye mlenda, na wengine wanakoroga kwenye maji wanywe tumbo litulie. Ndani yake kuna sodiamu, ileile inayoifanya chumvi ipandishe presha. Mama alipoacha chumvi ya mezani akabaki na kijiko cha magadi kwenye maharage ya kila siku, tulikuwa hatujafanya kitu. Loweka maharage usiku kucha, yataiva bila magadi. Kayabo, yule sangara wa chumvi, naye si chakula cha mwenye presha. Dagaa waliokaushwa juani bila chumvi hawana neno.

Nne, dawa za maumivu. Goti likiuma, mtu anatumwa dukani kununua diklofenaki au ibuprofeni, vidonge viwili viwili, na hakuna anayezihesabu kuwa ni dawa. Zinapandisha presha na kuchubua tumbo. Kwa mzee anayetumia dawa za presha kama losartani au kaptoprili pamoja na dawa ya maji, nyongeza hiyo ya tatu inaweza kuzima figo. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli ndiyo nafuu zaidi, ila soma pakiti: vipo vidonge vya diklofenaki vilivyochanganywa na parasetamoli ndani, kwa hiyo anayemeza hivyo na parasetamoli juu yake anajizidishia bila kujua.

Mengine yapo lakini ni machache: dawa za mafua zenye kuzibua pua, prednisoloni, pombe, na mizizi ya kuchemsha ambayo hakuna ajuaye imechanganywa na nini.

Ukikagua yote na bado, andika vipimo vya asubuhi na jioni kwa wiki moja au mbili, peleka daftari. Kazi ya kuongeza dawa ni ya daktari.

Tatizo: kizunguzungu, anaanguka

Pima amelala, baada ya dakika tano. Kisha asimame, umshike, upime baada ya dakika moja na baada ya tatu. Namba ya juu ikiporomoka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, presha inashuka akisimama, na hilo daktari anatakiwa kulijua ndani ya siku chache.

Kinachosababisha sana ni dawa za presha kuwa nyingi au kumezwa zote kwa pamoja. Inafuata dawa ya maji kumezwa jioni: furosemidi na wenzake ni za asubuhi, na kama kuna dozi ya pili imezwe mapema mchana, mkojo uishe kabla ya usiku. Halafu kuna kutokunywa maji, jambo la kawaida kwa mzee anayeogopa kwenda chooni. Baadhi ya dawa za tezi dume kwa wababa nazo hushusha presha akisimama. Na piritoni. Ile ya mafua na mwasho, ya bei ya chini, inayouzwa kama pipi, kwa mzee huleta usingizi, kuchanganyikiwa, na kwa wababa mkojo kukwama. Mzee akianza ghafla kuongea vitu visivyoeleweka, watu husema ni uzee au wamemtupia kitu. Angalia kwanza alimeza nini tangu jana, na kama sicho, mpeleke akapimwe, maana maambukizi, malaria na sukari vinaweza kuja kwa sura hiyohiyo.

Wakati mnasubiri daktari: akae ukingoni mwa kitanda kidogo kabla ya kusimama, taa iwe karibu, na chombo cha haja kiwe chumbani. Mama alikataa chombo kwa wiki mbili kwa aibu. Nikamwambia, "Mayu, nyonga ya pili hatuna." Akacheka, akakikubali.

Akiangukia kichwa na anatumia asprini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, nenda hospitali hata kama anasema hajambo. Damu ndani ya fuvu inaweza kuvuja polepole.

Tatizo: anatetemeka, jasho la baridi, amekuwa mkali ghafla

Kwa mwenye kisukari, chukulia kwamba sukari imeshuka hadi ithibitike vinginevyo. Kama kipimo kiko karibu, chini ya 4 kwa mashine za milimoli, au chini ya 70 kwa zile za miligramu, ni kweli imeshuka. Kama hakipo, usikitafute.

Akiwa anameza vizuri: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida yenye sukari. Subiri dakika 15, pima, rudia ikibidi. Akipata nafuu ale chakula, ugali, uji, viazi, chochote cha kukaa tumboni. Akiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni, kitaingia mapafuni. Mlaze ubavu, mkimbize.

Kwa nini imeshuka? Karibu kila mara amemeza dawa akachelewa kula, au hakula. Foleni, msiba, kufunga. Mzee anayefunga Ramadhani au kwa maombi na anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari aonane na daktari wiki kadhaa kabla, dozi na saa zipangwe upya, na akiambiwa asifunge akubali. Sababu ya pili ni aina ya kidonge. Glibenklamidi inakaa mwilini muda mrefu. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza kwamba haifai kwa waliovuka miaka 60, na gliklazidi ndiyo inayopendelewa. Kama mzazi wako bado anapewa, uliza kwa heshima kama inaweza kubadilishwa. Na ikiwa ndiyo iliyomshusha, hata akiamka baada ya soda mpeleke hospitali, kwa sababu sukari inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye, usiku, mkiwa mmelala. Sababu nyingine ni figo kuchoka, au dawa mpya iliyoingia katikati, kama septrini au kwinini.

Kikohozi, tumbo, miguu

Kikohozi kikavu kisichokwisha kwa mtu wa kaptoprili au enalaprili mara nyingi kinatoka kwenye dawa hiyo. Usinunue dawa ya kikohozi. Daktari anaweza kumhamishia kwenye losartani. Kikiwa na makohozi, homa, jasho la usiku au kukonda, akapimwe kifua kikuu na mengineyo.

Tumbo kuvurugika kwa metformini, dawa ya kisukari, hupungua akimeza katikati ya chakula. Miguu kuvimba kwa amlodipini nimeshaieleza, ila ikija na kuhema akilala chali, huenda ni moyo, mpeleke.

Siku ya kuhara na kutapika ni habari nyingine, na huku ziwani siku hizo zipo. Mwili ukikauka, metformini, losartani na dawa za maji zinaweza kuumiza figo. Piga simu siku ya kwanza uulize zipi zisimame kwa muda. Akiwa hawezi kuweka maji tumboni, hospitali.

Tatizo: anakataa, au kidonge hakipiti

Kwanza muulize kwa nini, halafu nyamaza. Majibu niliyosikia: kinachoma kooni, kinanifanya nikojoe kanisani, vimekuwa vingi, rafiki yangu alimeza hivi akafa. Kila jibu lina ufumbuzi wake, na hakuna hata moja linalotibiwa kwa kupaza sauti.

Kama hakipiti: akae wima, maji kwanza kidogo kulainisha, kidonge, kisha glasi nzima, na asilale kwa nusu saa. Usikisage kabla ya kumuuliza mfamasia. Vilivyotengenezwa kuyeyuka polepole, kama nifedipini yenye maneno Retard au SR kwenye pakiti, ukivisaga dawa ya siku nzima inamwagika mwilini kwa mara moja. Na kumfichia kwenye uji bila yeye kujua ni njia ya kupoteza imani yake kwako. Akipaliwa na maji pia, si kidonge tu, akaonwe: huenda ni kiharusi kidogo kilichopita bila taarifa.

Insulini na umeme

Chupa ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Ikiganda tupa, hata ikiyeyuka. Inayotumika hukaa nje ya jokofu kama wiki nne, mahali penye ubaridi. Kisiwani kusiko na jokofu, mtungi wa udongo wenye maji, chupa ikiwa imefungwa vizuri isilowe, unasaidia kuliko kabati la mbao. Insulini ya maji safi ikiwa na ukungu, au ya mawingu ikiwa na mabonge, usichome.

Dawa zimekatika

Hili hutokea zaidi kwa safari. Mama huenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kila mwaka kwa dada yake, anasema siku nne, anakaa wiki mbili. Ziwa likichafuka au kivuko kikiwa na hitilafu, hakuna wa kumlaumu. Kwa hiyo anapofunga safari namhesabia siku zake, nazidisha wiki moja, na dawa zinakaa kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye mzigo. Karatasi ile ya ungo iko humo, na picha yake iko kwenye simu yangu, ya mdogo wangu na ya mama mdogo kule Ukerewe.

Akiishiwa akiwa kule, aende kituo cha afya na karatasi hiyo. Duka la dawa muhimu la kijijini haliruhusiwi kuuza kila dawa, na muuzaji asiye na anayoitafuta anaweza kumpa "inayofanana". Inayofanana kwa kazi inaweza kuwa tofauti kabisa kwa nguvu. Asimeze mpaka anipigie tusomeane herufi ndogo, moja moja. Mara ya mwisho ilituchukua dakika ishirini, mtandao ukikatika katikati ya neno, na dada yake akiuliza kwa nyuma kama tunasoma barua ya mahari.